Ngoma ya Bura na Wageni wa Jumamosi

Treni ya kutoka Mombasa iliwamwaga watu Voi, wakatoka kwa fujo zile zile za kila siku: masanduku ya magurudumu, watoto wanalia, kina mama na mifuko yao, wazungu wawili wenye kofia kubwa wakitafuta simba kabla hata hawajatoka stesheni. Mkamburi alisimama nje ya lango akiwa ameinua kipande cha katoni kilichoandikwa STEPHEN. Alivaa jaketi la jinzi na suruali ya kitenge, na miwani ya jua ameipandisha juu ya nywele za kusuka. Alikuwa dereva wa watalii, mwenye Noah nyeupe aliyoinunua kwa jasho lake, na hakuna kitu duniani alichokichukia kama kusubiri.

Abiria wakaisha. Stephen hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Kijana mmoja mrefu akapita mbele yake. Shati la drafti, penseli nyuma ya sikio, sanduku la vifaa mkononi, mabango yaliyokunjwa kwapani. Akaitazama katoni, akaenda zake, kisha akarudi.

"Huyo Stephen haji," akasema.

"Umejuaje?"

"Mtu anayejua anasubiriwa na wewe hawezi kuchelewa."

"Wacha maneno ya kizamani, kaka. Joto lote hili."

"Sawa. Basi mimi ndiye Stephen."

"Wewe ni Stephen?"

"Mpaka mjini tu. Tukifika mjini naitwa Mulinge."

Mkamburi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Akaitupa katoni kwenye pipa la takataka na kumfungulia mlango. Njiani upepo wa Voi ulikuwa unapiga vumbi jekundu kwenye kioo, malori yamepanga foleni mpaka njia panda ya Taveta, na yeye anapiga honi kana kwamba honi itayasukuma.

"Unafanya kazi gani, Stephen wa muda?"

"Natengeneza makumbusho."

"Ati?"

"Vitu vya zamani. Wengine wanaviokota, mimi navijengea kabati za vioo, naviandikia maelezo, naweka taa. Wazee wa hapa Voi wamepata chumba karibu na soko. Wanataka makumbusho ya kwao."

"Na nani atalipa kiingilio kuangalia jembe la babu yake?"

"Wewe."

"Mimi? Thubutu!"

Lakini walipofika mjini alimpa namba yake ya simu, na hakumwambia ni ya kazi.

Mulinge hakujua kuendesha gari, na kazi ilimtaka azunguke aone makumbusho mengine yalivyopangwa, asije akarudia makosa ya wenzake. Kwa hiyo walizunguka. Walikwenda kwenye chumba cha kumbukumbu za Vita vya Kwanza vya Dunia katika hoteli moja upande wa Taita Hills, wakaona maganda ya risasi na vifungo vya makoti ya Wajerumani. Walikwenda Wundanyi kwa mwalimu mstaafu aliyejaza vinu na mitego sebuleni kwake mpaka mkewe akawa anapokea wageni jikoni. Walikwenda Taveta, wakatembea kati ya makaburi ya wanajeshi yaliyonyooka vizuri mno.

Hao wawili, nawaambia, hakuna aliyejua kukaa. Mkamburi alikunywa chai amesimama, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Mulinge alipoketi, goti lake moja lilichezacheza. Wakifika mahali wameshaanza kuzungumza kuhusu mahali pengine, na wahudumu wa makumbusho waliwaona wakipita vyumbani mbiombio wakadhani wamefuatwa na polisi.

"Hebu ona," Mulinge alisema siku moja mbele ya picha kubwa ya vita. "Maofisa wote wana majina. Hawa wabeba mizigo ni migongo tu. Babu ya baba yangu alibeba mizigo humu, na hatujui hata alilala wapi."

"Kwani kwenu hasa ni wapi?"

"Mama ana hoteli Miasenyi, anapikia madereva wa malori. Kabla ya hapo tulikaa Ndara, na kabla ya Ndara, Kibwezi. Sisi tunahama. Mimi nimewazidi wote. Lamu, Kitale, Kisumu... Nikimaliza kupachika vioo naondoka."

"Ukiondoka unarudi?"

"Kurudi kufanya nini? Kazi imeisha."

Mwanamke mwenye akili angeshukia hapo hapo. Mkamburi alikuwa na akili zake timamu, ila alikuwa ameshaanza kumpenda, na hayo mambo mawili hayajawahi kukaa gari moja.

"Mimi haya makumbusho yenu yananinyima hewa," alisema wakitoka nje. "Kitu kikiingia kwenye kioo, basi. Hakitoki tena."

"Ndiyo raha yake, mpenzi. Angalau kuna kitu kinachokaa."

Mpenzi! Lilimtoka tu. Wote wawili walilisikia, wakajifanya wanatazama gari. Siku hiyo walipanda kilima cha Salaita, upepo ukawapiga mpaka macho yakatoa machozi, na Mulinge akamshika mkono akidai ni kwa sababu ya mawe. Mawe yaliisha, mkono ukabaki. Waliposhuka walikuwa wameshabusiana, na Mkamburi aliendesha kurudi Voi bila kupiga honi hata mara moja.

Simu zikaanza.

"Dereva wangu, uko wapi?"

"Niko Maktau na wageni. Tembo wamefunga njia."

"Waambie wakupishe, nina njaa ya kukuona."

"Waambie mwenyewe. Nikupe mmoja uongee naye?"

"Mpe. Nimsalimie shemeji."

Ndivyo walivyokuwa. Mama mboga wa sokoni alimwita Mulinge "bwana wa Noah", na yeye hakukataa, wala hakukubali.

Kisha Mulinge akapigiwa simu kutoka Lodwar. Walikuwa na jengo jipya la makumbusho huko, walimtaka mara tu atakapomaliza Voi. Alimwambia Mkamburi kwenye kibanda cha chai, akiwa anachora kabati juu ya karatasi ya kufungia chapati.

"Ukawaambia nini?"

"Nitafikiria."

"Na unafikiria nini?"

"Nafikiria tu."

Mkamburi akamwaga chai yake chini, akaingia garini. Kusema kweli hakumtaka aache kazi. Alichotaka ni kitu kimoja: mwanamume huyu aseme mbele ya watu kwamba anamtaka, aseme kabla hajapanda basi. Akiondoka bila kusema, mjini watasema walikuwa dereva na mteja, na yeye mwenyewe hatakuwa na jibu la kuwapa.

Sasa tuje kwenye ngoma. Mamake Mkamburi, Teresia, aliishi Bura, juu kule kwenye baridi na mashamba ya kabeji, si mbali na misheni. Marehemu mumewe alikuwa mpigaji wa mwazindika, ngoma zile za Wadawida, yaani Wataita, zinazopigiwa pepo na wagonjwa. Ngoma yake kubwa ilikuwa chumba cha ndani, imefunikwa leso. Tangu azikwe haikuguswa. Mkamburi mwenyewe ndiye aliyemsimulia Mulinge habari hiyo, na Mulinge akamsimulia mwenyekiti wa makumbusho, Mzee Nzuki, mstaafu wa reli. Mzee huyo hakulala tena kwa kuitamani.

"Hiyo ndiyo itakaa katikati ya chumba," Mzee Nzuki alisema. "Lakini kitu kama hicho hakiombwi kwa simu. Sisi Wakamba tusionekane hatuna adabu. Tutakwenda na Mama Peris wa kamati yetu, tubebe sukari, tubebe blanketi kwa ajili ya huyo mjane. Mulinge, waarifu."

Mulinge akampigia Mkamburi.

"Jumamosi nakuja kwenu," akasema. "Nakuja na wazee."

Mkamburi akapunguza mwendo wa gari.

"Umesema na nani?"

"Na wazee. Mzee Nzuki na Mama Peris. Waambie nyumbani."

"Mulinge, uko sawa kichwani?"

"Niko sawa kabisa."

"Haya," Mkamburi alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Haya, laazizi. Nitawaambia."

Alikata simu, akaegesha gari kando ya barabara, akapiga kelele peke yake ndani ya Noah vioo vikiwa vimefungwa. Kisha akampigia mamake.

Jumamosi ile Bura ilipendeza. Ukungu uliondoka mapema. Teresia alikuwa amevaa gauni lake la kanisani la rangi ya zambarau na kilemba kipya. Baba mdogo Danson, ndugu wa marehemu na msemaji wa ukoo, alivaa suti ya kijivu iliyombana kwapani. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, kimanga cha maharagwe na mihogo kimeshapondwa, wanawake wa jumuiya ya kanisa wamejipanga ukumbini. Mkamburi, ambaye watu walimzoea na jinzi, alitoka chumbani na gauni jeupe lenye maua ya bluu, shanga shingoni, hata viatu vya visigino. Binamu zake walimzomea kwa upendo.

Probox ya Mzee Nzuki ikapanda kilima inakohoa. Mama Peris alishuka kwanza, blanketi jekundu kichwani. Wanawake walipoliona blanketi, ambalo kwao huletewa mama wa binti anayeposwa, vigelegele vikapasuka, mpaka Mzee Nzuki akashtuka na kumnong'oneza Mulinge: "Hawa watu wanaheshimu makumbusho kweli kweli!"

Mulinge alikuwa anaangalia kwingine. Alikuwa amemwona Mkamburi mlangoni.

Waliketishwa. Wakapewa soda. Danson akasimama, akakohoa, akawakaribisha kwa niaba ya ukoo wote, walio hai na waliolala, akasema milango iko wazi na masikio yako wazi. Kila mtu akamtazama Mulinge. Mulinge akamtazama Mzee Nzuki. Jasho lilikuwa linamtiririka na ubaridi wote ule.

Mzee Nzuki akasimama. "Tunashukuru sana. Tumekuja kuhusu ngoma ya marehemu."

Watu wakacheka. Walidhani ni uchangamfu wa kufungulia mazungumzo, maana posa haianzi moja kwa moja. Danson alicheka kuliko wote. Lakini Mzee Nzuki akaendelea: chumba cha soko, kabati la kioo, watoto wa shule. Kisha akageuka.

"Mulinge, toa futi, tuangalie kama itaingia mlangoni."

Na Mulinge, Mungu amsamehe, akatoa futi ya kupimia mfukoni.

Hakuna aliyecheka tena. Teresia aliitazama ile futi, akamtazama binti yake na lile gauni lake, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mlikuja kuchukua ngoma."

"Ndiyo, mama," Mzee Nzuki alisema, bado hajaelewa.

"Peke yake?"

Hapo Mama Peris akaelewa. Akajifunika uso na leso yake, akisema, "Uwi, tumefanya nini!"

Mkamburi hakulia mbele yao. Aliingia ndani, akatoka amevaa jinzi na jaketi, funguo mkononi, akapita kati ya viti bila kumtazama mtu. Mulinge alimkimbilia mpaka uani.

"Mkamburi, nisikilize..."

"Pima mlango," alisema, akawasha gari. "Wasije wakakudanganya upana."

Wageni wakalishwa, kwa sababu Wadawida hawawezi kumrudisha mgeni na njaa hata akiwa amewatukana. Walikula nyama ya posa isiyokuwepo, mpaka Danson akawasindikiza. Ngoma haikutoka.

Nani anaweza kueleza siku zilizofuata? Mkamburi alichukua kila safari iliyokuja. Taveta, Oloitokitok, Diani, tena Taveta. Akifika nyumbani anaoga, anaketi, anainuka, anakwenda kuosha gari lililo safi. Mulinge alipiga simu, haikushikwa. Aliandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Mchana alipachika vioo, akakata kimoja vibaya, akajikata kidole. Jioni alitembea kutoka sokoni mpaka stesheni ya zamani na kurudi, akisikiliza kila Noah inayopita.

Simu moja tu ilishikwa.

"Unataka nini?"

"Nikuombe msamaha."

"Omba."

"Nisamehe."

"Umemaliza?"

"Mkamburi, mzee hakujua..."

"Mzee hakuwa mpenzi wangu! Mamangu ameacha kwenda jumuiya, unajua? Wanamwuliza kama blanketi linatosha." Akakata.

Mulinge akajaribu kulala akashindwa. Kilichomla si kosa ambalo watu walilijua. Kilichomla ni lile ambalo hakuna aliyelijua ila yeye.

Makumbusho yakafunguliwa, bila ngoma, na watu wakaja, wakasifu, wakanywa soda. Mkamburi hakuja. Kesho yake mchana Mulinge alikuwa njiani kuelekea stendi ya mabasi, begi mgongoni, tiketi ya Nairobi mfukoni na kutoka Nairobi aunganishe Lodwar, alipoiona Noah nyeupe kwenye kituo cha petroli, kati ya malori mawili ya saruji. Mkamburi alikuwa anapangusa kioo cha mbele kwa nguvu mno. Alikuwa amekonda kidogo, na uso haukuwa na poda.

Angeweza kupita. Mwanamume aliyekuwa Kitale na Kisumu angepita. Huyu akavuka barabara bila kuangalia, lori likampigia honi.

"Unaenda," Mkamburi alisema bila kugeuka.

"Naenda. Lakini kuna kitu hujui."

"Nimejua vya kutosha."

"Nilipokupigia nikasema nakuja na wazee, nililisikia neno langu lilivyotoka. Mimi ni Mkamba, nimekulia hapa, najua kuja na wazee ni nini. Nililisikia, na nilikusikia ulivyofurahi. Nikaliacha."

Mkono wa Mkamburi ukasimama kwenye kioo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Nikasema moyoni, nikifika nitasema mwenyewe, ngoma na wewe vyote. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Halafu wakapiga vigelegele, babako mdogo akasimama na ile suti, wote wakanitazama, nikaogopa. Nikamwachia mzee aseme ya ngoma, kwa sababu ya ngoma yalikuwa rahisi."

"Ulinitazama na lile gauni, ukatoa futi."

"Nilitoa futi."

"Heri ungekuwa mjinga, Mulinge! Mjinga ningemsamehe!" Sasa alikuwa analia, na mhudumu wa pampu akajidai anahesabu vifuniko. "Unajua nilivyokaa kwenye hii gari nikapiga kelele kwa furaha? Peke yangu kama mwendawazimu?"

"Nakupenda," Mulinge alisema. "Nakutaka uwe mke wangu. Nimekuja bila mzee na bila sukari."

"Mimi siombwi kwenye petroli."

"Basi niambie wapi."

Mkamburi alijipangusa macho na kile kitambaa cha kioo, akajipaka vumbi mpaka masikioni. Alikuwa bado na hasira, tena nyingi, lakini alimpenda zaidi ya hiyo hasira na alijua.

"Ingia," akasema. "Twende ukayaseme pale pale ulipoyameza. Ukishindwa tena, nakuacha Bura utembee kwa miguu mpaka Lodwar."

"Basi langu linaondoka sasa hivi."

"Mabasi yapo kila siku. Mimi nipo leo."

Begi likaingia garini.

Baada ya Mwatate barabara ikaanza kupanda, hewa ikapoa, na goti la Mulinge likacheza bila kukoma mpaka Mkamburi akaliwekea mkono kulituliza, kisha akakumbuka amekasirika, akauondoa.

Teresia alikuwa uani anapukuchua maharagwe, kwa leso ya kawaida na kandambili. Alipomwona anayeshuka hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoma haitoki."

"Sikuja kwa ngoma."

"Umekuja na nani safari hii?"

"Peke yangu. Najua sivyo inavyofanywa, na nitawaleta wazee kama inavyotakiwa. Lakini kwanza nilitaka mnisikie mimi mwenyewe." Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wa migomba, mikono kiunoni, na kuku wote walionekana kunyamaza. "Mama, namwomba Mkamburi. Nampenda. Siku ile nilimwomba moyoni nikashindwa mdomoni, nikawaaibisha. Leo nasema. Na wale wenye masikio kule kwenye migomba nao wasikie: namtaka Mkamburi."

Wale kwenye migomba wakasikia vizuri sana.

Teresia akaendelea na maharagwe yake kitambo. "Wewe ni mtu wa kuondoka. Binti yangu utamweka wapi?"

"Sijui, mama. Sitakudanganya. Nina kazi Lodwar. Lakini sitatoka tena mahali kimya kimya."

"Na wewe?" Teresia akamgeukia bintiye. "Utakaa hapa ukimsubiri?"

"Mimi? Kusubiri?" Mkamburi alisema. "Lodwar kuna watalii, mama. Na kuna barabara. Atatangulia, nitamfuata na gari langu. Tukigombana nitarudi nalo."

Mulinge akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, kisha kicheko kikamgeukia, akalazimika kuketi kwenye jiwe na kujifunika uso. Mkamburi akaenda kusimama karibu naye, akamwekea mkono begani mbele ya mamake na majirani, akauacha pale.

Teresia akaweka ungo chini. Akatoa simu kwenye fundo la leso, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Danson? Njoo nyumbani. Yule kijana wa futi amerudi." Akasikiliza. "La, hakuleta kitu." Akasikiliza tena, akimtazama mkwe wake mtarajiwa kuanzia viatu mpaka ile penseli. "Njoo tu, baba. Safari hii amesema."